Kona ya Dirishani

Dukani,
9 Januari

Mpwa wangu Sekunde,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ukiondoa magoti ya mkaza mjomba wako, ambayo yeye anasema yanatabiri mvua na mimi nasema yanatabiri siku za kufua. Tangu uondoke nyumba imepoa. Hakuna wa kubishana naye kuhusu chumvi, kwa hiyo tunabishana wenyewe kwa wenyewe, na haina ladha.

Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi. Kwenye simu mtu anasema "salama, salama" halafu anakata, na mambo yanabaki vilevile. Barua angalau inanilazimisha nikae.

Duka linaendelea. Meza yangu ya saa iko pale unapoijua, na pembeni yake, kwenye kona ya dirishani, ipo cherehani ya marehemu mama yako. Nimeifunika kwa shuka lile la maua. Wateja wakiuliza ni ya nani nawaambia ni ya mwenyewe, yuko safarini.

Jambo jingine dogo. Kuna kijana wa fotokopi, yule mwenye kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara. Mvua imeingia kwake hadi karatasi zikalowa. Ameniomba aweke meza moja karibu na mlango wetu mpaka atengeneze paa. Ni siku chache tu. Kijana ana adabu mno, ananiamkia asubuhi na jioni kana kwamba nimelala katikati.

Niambie hiyo ofisi yenu ya kamusi ikoje. Je, wanakulisha maneno tu?

Ni mimi mjomba wako.


Ofisini,
2 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mwamkie na mkaza mjomba, mwambie magoti yake yana akili kuliko redio, kwani siku ileile aliyotabiri, huku pia ilinyesha.

Mimi ni mzima. Tunakaa wanne kwenye meza moja ndefu, kila mtu na sanduku lake la kadi. Neno moja, kadi moja: maana yake, na mfano wa sentensi. Mkubwa wetu tunamwita Bwana Nukta, kwa sababu anaweza kusoma ukurasa mzima asiseme lolote, halafu akakurudisha kwa nukta iliyokosekana mwishoni. Ni mtu mwema, ila chai anakunywa bila kuipuliza, na hilo linanitia wasiwasi.

Tuko kwenye K. Chumba ninachoishi ni kidogo lakini kina taa nzuri. Jioni nina shughuli zangu za hapa na pale. Itakuwaje tukimaliza kamusi, usiniulize, herufi bado ni nyingi.

Huyo kijana wa fotokopi ameshatengeneza paa? Na cherehani, je, uliwahi kuizungusha? Mama alikuwa akisema ikikaa sana bila kuzungushwa inanuna.

Mpwa wako,
Sekunde


Dukani,
1 Machi

Sekunde,

Barua yako nimeipata, tukaisomea mezani. Mkaza mjomba wako ameagiza Bwana Nukta apuliziwe chai yake na mtu mwingine kama yeye hawezi.

Kijana bado yupo. Paa limegoma, anasema fundi amemwahidi wiki hii, na mafundi unawajua, mimi ni mmoja wao. Mashine yake isingeweza kubaki kule kwenye unyevu, ikabidi nayo ije. Aliomba soketi nikampa ile ya kwangu, maana taa yangu ya mezani inaweza kutumia waya wa kuongezea. Wateja wake walikuwa wanasimama, wazee wengine, kwa hiyo nilisogeza meza yangu kidogo wapate benchi. Kila kitu anaomba. Hajawahi kugusa kitu bila kuomba. Anasema, "Mzee, samahani, naomba hapa kidogo," nami namjibu hamna shida.

Kazi zipo. Nimepokea saa mbili za ukutani, zile za kugonga. Unakumbuka utaratibu wangu: saa ya kugonga haitoki dukani mpaka itundikwe ukutani na kutembea wiki nzima, na kila moja naipa wakati wake, hii mbele kidogo, hii nyuma kidogo, nisikie sauti ya kila moja peke yake. Ulikuwa unasema kwetu saa sita inafika mara nyingi.

Karatasi inaisha. Salamu kwa wenzako wa mezani.

Mjomba


Ofisini,
20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mwenzangu mmoja amejifungua mtoto wa kike, na sanduku lake nimepewa mimi, kwa hiyo sasa nina maneno ya watu wawili na mshangao wa mmoja.

Tumeingia M. Mjomba, M haina mwisho. Kila kitu duniani kinaanza na M: mtu, mti, mkate, mjomba. Bwana Nukta ametuambia tusibuni mifano tukiwa tumekaa, tuwaulize watu wanavyosema. Mimi nimekupa wewe neno, kwa sababu simjui mtu anayesema zaidi yako. Neno lenyewe ni *mega*. Niandikie lina maana gani huko kwenu na watu wanalitumiaje kila siku. Andika tu kama unavyoongea.

Hukunijibu kuhusu cherehani.

Sekunde


Nyumbani,
17 Aprili

Mpwa wangu,

Tumeshukuru kusikia habari za mtoto. Huku hatujambo, mkaza mjomba wako amenunua sufuria jipya na analitaja kama mgeni wa heshima.

Neno lako nimelifikiria kwa siku kadhaa. Kwanza kuna mkate. Unamega kipande kwa mkono, hukati kwa kisu, unampa mwenzako, na hapo hakuna ugomvi. Halafu mto ukijaa unamega ukingo. Hauuchukui wote kwa siku moja, unachukua bonge leo na bonge keshokutwa, mpaka mwenye shamba anakuta mgomba wake umesimama majini. Jirani naye anamega mpaka. Anapanda ua upande wake, ua unanenepa, na ukija kuupunguza anakuuliza mbona unakata ua wake.

Mwambie mkubwa wako asichanganye na *nyemelea*. Anayenyemelea anajificha, ukimwona mapema basi shughuli yake imeharibika. Anayemega hajifichi hata kidogo. Unamwona, anakusalimia, anakuomba kipande chenyewe kwa mdomo wake, na kipande ni kidogo kiasi kwamba ukikikataa wewe ndiye utaonekana mchoyo. Unasema hamna shida. Kesho anaomba kingine, cha ukubwa uleule. Mtu anaweza kumegewa meza. Anaweza kumegewa hata mwanga, kitambaa cheupe kikitundikwa dirishani kwa ajili ya picha za pasipoti, kila picha ikiwa ni ya dakika moja tu, mpaka jioni inaingia na kitambaa bado kiko palepale.

Najua vijana wa mtaani wana maana yao nyingine. Hiyo simwandikii mpwa wangu, Bwana Nukta akawaulize wao.

Mjomba wako


Ofisini,
5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo nitafupisha salamu, utanisamehe.

Bwana Nukta ameusoma mfano wako wa mto mara mbili, akasema huyo mjomba wako apewe mshahara. Lakini mimi nimekwama kwenye ule wa kitambaa. Mto na jirani ni mifano ya mtu anayefikiri. Kitambaa ni mfano wa mtu anayekitazama.

Halafu nikazitoa barua zako. Mbili za mwanzo umeandika "Dukani" juu kabisa. Hii ya mwisho umeandika "Nyumbani." Wewe tangu nikujue hujawahi kuandika kitu nyumbani, unasema meza ya kulia ina makombo yanayoingia kwenye sentensi.

Mjomba, siku hizi unafanyia wapi kazi? Na dirisha letu limezibwa na nani? Mara mbili nimeulizia cherehani, mara mbili umenijibu habari nyingine. Huyo kijana mwambie atoke. Neno moja tu, *toka*, hata kadi yake itakuwa fupi.

Sekunde


Nyumbani,
28 Juni

Sekunde,

Hatujambo. Barua yako ilifika zamani. Sikuijibu kwa sababu nilikasirika, na nikikasirika mwandiko wangu hausomeki.

Usinifundishe kuishi na watu. Kijana yule hajanitukana, hajaninyang'anya, kila alichonacho nilimpa mimi kwa mkono wangu. Nitamwambiaje atoke? Ananiletea chai kila siku.

Basi, ngoja niseme. Meza yangu iko chumba cha nyuma, pale tulipokuwa tunaweka maboksi. Hakuna dirisha. Taa ninayo, lakini skrubu ya saa ya mkononi kwenye taa ile naishika kwa kubahatisha, na mwezi uliopita nilipoteza mbili sakafuni nikatafuta kwa magoti mpaka nikajua mkaza mjomba wako anaongelea nini. Kwa hiyo kazi ndogo ndogo naleta nyumbani, mezani, pamoja na makombo.

Cherehani iko chumbani kwetu. Kijana alianza kwa kuomba aweke karatasi juu yake. Baadaye akaomba isogezwe kidogo, kwa sababu ilikuwa inaonekana kwenye picha zake za pasipoti. Nilipoona imesogezwa mpaka imekuwa kigingi cha kuzuia mlango, niliibeba nikaileta huku. Haina hata mkwaruzo. Mkaza mjomba wako anaianikia taulo na mimi namwondolea.

Na usidhani sikujaribu kumwambia. Nilifanya mazoezi kabisa. Mkaza mjomba wako alijifanya ndiye kijana, akakaa kitandani, akaniambia, "Shikamoo Mzee, samahani, naomba na ile rafu ya juu." Nikamwambia hamna shida. Alicheka mpaka akalala ubavu. Siku ya pili nilikwenda dukani nimekaza uso kwelikweli, nikamsimamia kijana mbele, nikafungua mdomo, na kilichotoka kikawa: "Hiyo chai ina sukari ya kutosha?" Ndivyo nilivyo. Mama yako ndiye aliyekuwa akisema hapana kwa niaba yetu sote.

Sasa niambie na wewe. Kwa nini unaulizia sana cherehani?

Mjomba


Chumbani kwangu,
15 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole. Pole kwa skrubu, na pole kwa ukali wangu. Nilikuwa nimemkasirikia kijana, ukapigwa wewe.

Nitakujibu moja kwa moja. Kazi yangu ina mwisho. Tulipewa mkataba wa kamusi hii tu, tukifika Z tunarudisha masanduku na kuagana. Tuko kwenye S sasa. Zile shughuli zangu za jioni ni kushona. Mama mwenye nyumba ana cherehani, nilianza kwa kupunguza sare za watoto wake, sasa nashonea mtaa mzima, na mikono imekumbuka mambo ambayo sikujua kwamba mama alinifundisha. Nataka kurudi. Nataka ile kona, nikae pale alipokaa, wewe pembeni na saa zako zinazobishana.

Sikukwambia mapema kwa sababu nakujua. Ningekuomba, ungesema hamna shida, kama unavyomwambia kila mtu, na nisingejua kamwe kama umetaka au umeshindwa kukataa. Nami sitaki kuwa mtu wa kukumegea. Kwa hiyo sikuombi. Nakuuliza tu, na una ruhusa ya kukataa. Kama kona imekwenda, sema, nitatafuta pengine. Naogopa jibu lako, Mjomba, lakini naogopa zaidi ukinyamaza.

Sekunde


Dukani,
30 Agosti

Sekunde,

Tazama juu kabisa ya barua. Umeona? Sasa endelea.

Sisi wazima, magoti yametulia, sufuria lishaungua chini na limerudi kuwa sufuria la kawaida. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, halafu nikampa mkaza mjomba wako, akalia, akasingizia kitunguu ambacho hakikuwepo.

Sikiliza ilivyokuwa. Nyumba moja ya wageni imenunuliwa, na mwenye kununua kaniletea saa zote za ukutani zitengenezwe, za kugonga, kubwa kwa ndogo. Chumba cha nyuma kikajaa. Unajua sitoi saa bila kuitundika. Nikaenda mbele, nikamwambia kijana, "Mwanangu, samahani, naomba msumari mmoja upande wako, kwa muda tu." Akasema, "Hamna shida, Mzee." Kesho yake nikaomba mwingine. Akasema hamna shida. Mkaza mjomba wako anasema nilifanya makusudi. Msumari wa kwanza haukuwa wa makusudi. Ile mingine siapi.

Basi zikawa ukutani kwake, na kila moja na wakati wake kama ninavyozipanga. Hii inamaliza kugonga, ile inavuta pumzi. Mteja wa picha anakaa mbele ya kitambaa, anaambiwa asipepese, kijana anahesabu, na saa iliyo juu ya kichwa chake inagonga. Mtu anafumba macho. Wanarudia. Inagonga ya pembeni. Mzee mmoja alipigwa picha mpaka akauliza kama kuna picha rasmi za watu waliolala. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na kiti changu kuzitia saa ufunguo, na kwa kuwa nataka kuona vizuri, nilikuwa naomba kitambaa kisogezwe kidogo. Alikuwa akisogeza. Mwanga ukaanza kuingia tena kwa kipande.

Wiki iliyopita akanijia, mikono ameishika mbele, adabu zake zote. "Mzee, usinielewe vibaya," akasema. "Wewe ni mzazi wangu. Ila naona kama unanimegea nafasi, kidogo kidogo."

Nilikaa palepale kwenye benchi la wateja. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo neno nimeliandikia ukurasa mzima, na kila mstari nilikuwa nakufikiria wewe."

Hakuelewa. Nikamweleza kila kitu, meza, soketi, dirisha, cherehani ya dada yangu. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, naruka mbele, lakini nilieleza. Kijana akasema, "Kumbe ulikuwa unaumia? Mbona hukusema? Kila nikiomba unasema hamna shida. Mimi nikawa nawaambia watu kwamba Mzee ananipenda, hataki nirudi kwenye mabati."

Sekunde, niliona haya kuliko siku zote. Kijana hakuwa mto. Alikuwa anakwenda pale nilipompisha. Tulicheka wote wawili mpaka saa zikatuchoka. Amepata chumba, mlango wa pili kutoka kwetu, na nilimsaidia kusukuma mashine, na bado chai analeta, ila sasa anaileta anaondoka.

Nimelala usingizi juzi na jana ambao nilikuwa nimeusahau. Meza yangu iko dirishani. Skrubu naiona hata ikinionea aibu. Na cherehani tumeirudisha kwenye kona yake, mimi na mkaza mjomba wako, tukipumzika kila hatua chache na kugombana nani anabeba upande mzito. Nimeitia mafuta, nimeizungusha. Ilinuna kidogo, halafu ikakubali.

Sasa swali lako. Nisome vizuri. Hili silo lile hamna shida langu. Nimelijaribu kwa sauti dukani peke yangu, nikaona linatoka bila kutetemeka. Ndiyo. Nataka ukae hapa. Nimetaka tangu siku uliyofunga sanduku lako, na sikusema, kwa sababu hata kuomba nako kunanishinda.

Kuna jambo moja dogo. Saa moja ya ile nyumba ya wageni haijapata msumari upande wangu, kwa hiyo nimeitundika ukutani juu ya cherehani yako. Ni kwa muda tu.

Mjomba wako


Ofisini,
18 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mwamkie mkaza mjomba. Mimi sina neno la kueleza nilivyo, na hii ni ofisi yenye maneno yote. Barua yako ilinikuta kwenye W. Niliisoma kazini, nikacheka kwenye picha za watu waliolala, na nilipofika kwenye ile ndiyo yako nikatoka nje kidogo. Bwana Nukta alinifuata. Aliniletea chai, na nilimwona akiipuliza kwanza.

Kadi ya *mega* imepita. Wamechukua mfano wako wa mkate na ule wa mto. Ule wa kitambaa nimeuomba nirudishiwe, uko kwenye pochi yangu.

Tunamaliza mwezi ujao. Nitafika na sanduku moja la nguo na moja la vitambaa. Usinifagilie, kona yangu nataka kuifagia mwenyewe.

Na kuhusu saa ile iliyo juu ya cherehani yangu. Nimekaa nikajiuliza mama angekujibu nini, na nimeona nianze kama nitakavyoendelea. Kwa heshima zote, Mjomba: hapana. Iteremshe leo. Nikifika utaniomba msumari vizuri, mbele ya mkaza mjomba, nami nitafikiria.

Mpwa wako anayekuja,
Sekunde